Kompyuta ya Babu Sakaria

Ewe Friza, kaka yangu wa baridi!

Salamu tele kutoka kisiwani kwetu Savai'i. Habari za Auckland? Kiwanda cha nyama bado kinakugandisha vidole? Shemeji hajambo? Mtoto ameshaota meno? Sisi huku wazima, yaani tunapumua. Mama anakusalimu sana. Anasema makopo ya nyama yalifika, ila nusu yameishia kwa mchungaji, kwa hiyo usituulize ladha yake.

Sikupigii simu kwa sababu unaijua nyumba yetu: haina kuta, na kila nguzo ina shangazi aliyeiegemea. Barua hii anakuletea jirani yetu Tavita, anapanda ndege kesho Alhamisi. Ukishaisoma ichane.

Ile prosesa uliyotuma, ubongo mpya wa kompyuta, ilifika salama, imefungwa ndani ya soksi zako. Kaka, nilirukaruka! Maana hali ilikuwa mbaya. Kesi ya jina la uchifu inasikilizwa tarehe ishirini na mbili. Tukishindwa, jina linakwenda kwa ukoo wa ng'ambo ya mto, na mashamba yote ya juu yanalifuata. Kitu cha kutuokoa ni nasaba, vizazi kumi na saba, na nasaba yenyewe imo kwenye kompyuta ya mezani ya marehemu Babu Sakaria. Pualele, binti yake wa mwisho tuliyezoea kumwita dada, alikaa miaka mitatu akimrekodi mzee kwa video na kuandika kila jina. Nakala hakuna. Babu alikataa katakata, akasema nasaba ikinakiliwa imeshaibiwa, na atakayechomeka flashi pale atakula viazi vya laana. Wazee waliobaki wanajua vipande tu, na kila kipande kinapigana na cha mwenzake.

Sasa mashine ilikuwa imechoka. Video inafunguka, inaganda, inaruka. Mjomba Iosua, ndiye wa kusimama mbele ya majaji, alikuwa anakaa pale kila asubuhi anakariri. Siku moja akaniita kwa hasira, akaniambia huyu mzee kwenye kioo ana kigugumizi kuliko alipokuwa hai, hebu fundi fanya kitu, au ufundi wako ni wa kuchaji simu za wasichana tu?

Basi nikafanya kitu. Na nilikagua, Friza, usije ukasema sikukagua! Nilifungua ubavu, nikapuliza vumbi na mijusi miwili iliyokauka, nikasoma jina la mazabodi, lile bao kuu la ndani, lililochapwa karibu na soketi. Nikaenda kwenye tovuti ya waliolitengeneza, nikafungua orodha ya prosesa zinazokubalika. Yako ilikuwemo, mstari wa tisa kutoka chini! Lakini walisema programu ya kuwashia iwe toleo jipya, kwa hiyo nikaisasisha kwanza, mapema asubuhi umeme ukiwa umetulia, mkono moyoni. Nikapiga hesabu ya umeme: pawa saplai inatosha. Feni ile ile inakaa. Nikahesabu hata pini, hakuna iliyopinda. Jumamosi iliyopita nikaitoa ya zamani, nikaweka yako, nikapaka pasta mpya ya kupoza joto, nikawasha. Feni ikazunguka. Nikapiga kelele mpaka kuku wakakimbia.

Halafu kikaja kioo cha bluu kinachodai namba ya tarakimu arobaini na nane.

Kumbe Babu, kwa woga wake wa wezi, aliifunga diski yote. Namba imehifadhiwa kwenye akaunti yake ya barua pepe, na nywila amekwenda nayo kaburini. Nikarudisha prosesa ya zamani. Kioo kile kile. Nimejaribu siku tano, majina ya mbwa wake, aya za Biblia, tarehe za vimbunga. Hakuna.

Wazee wakakaa Jumatatu. Nilidhani wataniuliza mimi. Wapi! Shangazi Lusia alianza kabla kikombe cha kava, kinywaji chetu cha baraza, hakijazunguka, akasema mume wa Pualele ni mtoto wa nani jamani? Si wa ng'ambo ya mto? Mnalala na mbwa mwizi halafu mnauliza kuku kaenda wapi. Mwingine akadakia kwamba aliyeandika ndiye anayejua kufunga. Mjomba Iosua akasema ni kweli, mashine haiwezi kujifunga yenyewe. Wakamtaka Pualele atoe namba. Akasema hana. Wakaamua aondoke kwenye ardhi ya ukoo kabla ya ibada ya Jumapili hii, yeye na watoto wake watatu, na asirudi hata kwa mazishi. Mumewe naye kwao hawamtaki, wanamwita mpelelezi wetu. Sijui watalala wapi.

Na mahakamani Mjomba ataomba kesi iahirishwe kwa kuwa ushahidi umefichwa. Wanataka mimi, kama fundi, niape kwamba Pualele ndiye aliyefunga.

Sasa nikwambie, kaka, maana kifua kinanipasuka. Kabla ya kile kioo cha bluu kulikuwa na kioo cheusi. Kiliandika kwamba prosesa mpya imetambuliwa, na kwamba nikikubali kwa Y, funguo za zamani, zilizokuwa zinaifungua diski bila kuuliza namba, zinafutwa, na diski iliyofungwa haitafunguka bila ile namba. Nikikataa kwa N naweza kurudisha prosesa ya zamani na kila kitu kikabaki kama kilivyokuwa. Iliandikwa wazi, Friza. Mistari minne. Sikuisoma. Niliona Y, nikabonyeza, kwa sababu feni ilikuwa inazunguka na nilitaka kuona mwendo.

Na Pualele alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliniuliza imeandika nini hapo, hebu soma kwanza. Nikamwambia aah, dada, takataka za kuwashia tu.

Hajamwambia mtu. Jana alipita na ndoo ya nguo, akanitazama, akaniuliza kama nimeshakula. Basi. Nikisema ukweli, nasaba hairudi, kesi tunapoteza vilevile, na Mjomba Iosua atanivunja mbavu, halafu atauliza prosesa ilitoka kwa nani. Nisiposema, dada anafunga mizigo. Leo ni Jumatano.

Msalimie shemeji, umbusu mtoto, na Mungu akulinde na ule ubaridi. Tavita atakupa na mkeka, kaufuma Mama. Lakini nijibu upesi, hata kwa neno moja kupitia simu, nitaelewa: ungekuwa wewe umekaa hapa, dada anakunja mikeka yake mbele yako, ungefanyaje?

Ni mimi mdogo wako,
Vaelua