Nyama Niliyokataa Kuishika

Geita, mgodini

Kwako Mama Zuhura, mke wangu mpenzi,

Nakusalimu wewe na wote waliomo uani. Mwili wangu hauna homa, namshukuru Mungu. Moyo ndio hautulii. Mama yangu je, kifua kimempa nafuu? Na Zuhura, anaendelea kuota meno bila kuharisha?

Barua hii ikikufikia, usipande treni kwanza. Najua umekwisha kufunga mizigo, kwa kuwa nilikuahidi nyumba ya mpishi. Ufunguo bado ninao, ila sijui nitaushika mpaka lini. Sikiliza yaliyonipata.

Siku chache kabla ya Krismasi yao, lori kutoka Mwanza lilileta furushi la memsahibu, mke wa Bwana ninayempikia. Alipolifungua, nikaona paja zima la nguruwe, limekaushwa kwa chumvi na moshi. Wenyewe huliita hemu. Akasema, "Abdala, karamu yote ni hii. Nataka ing'ae."

Nikamjibu, "Memsahibu, nitapika kuku, nitapika samaki, nitaoka mikate. Hiyo siwezi kuishika. Dini yangu hairuhusu."

"Mpishi gani anayechagua nyama?" Hakupandisha sauti. Afadhali angegomba.

Nikaona nisimwachie shida bila kumtafutia mtu. Nikaenda kwa jirani yangu Mama Yustina, Msukuma, Mkristo, ambaye mumewe alivunjika mguu shimoni. Akaja, ingawa hemu alikuwa hajapata kuiona. Memsahibu akasoma kitabu chake cha mapishi, mimi nikasimama mlangoni nikimweleza Mama Yustina kwa Kiswahili chepesi: iloweke chumvi itoke, ichemshe polepole, ichune ngozi, chanja mafuta yake mistari ya kukatana, kila pembe chomeka karafuu, kisha paka sukari na haradali, iingie ndani ya jiko iokwe.

Wageni walikuwa wamekwisha kukaa barazani niliposikia harufu ya sukari inaungua. Nikapiga kelele, "Toa! Toa upesi!" Akaitoa, ubavu mmoja umekuwa mweusi. Mama Yustina akamwita mamaye kwa Kisukuma. "Mayu! Nimeiharibu nyama ya watu!" Nikamwambia aikwangue taratibu, apake sukari upya, airudishe, nami nikapunguza kuni. Ilipotoka safari hii iling'aa kama shaba iliyosuguliwa.

Mama Zuhura, Wazungu waliila wakapiga makofi. Memsahibu alimwita Mama Yustina mezani, akamshika bega. Jioni akaniambia, "Wewe ni mtu mwema, Abdala. Lakini nyumba hii inahitaji mpishi wa kupika kila kitu. Nitasema na Bwana." Kesho yake yeye na Bwana wakaenda Nkome kupumzika ziwani, na mpaka leo hawajarudi.

Jana Mama Yustina alikuja kwangu. Hakutaka kukaa.

"Baba Zuhura, umenikasirikia?"

"Sijakukasirikia."

"Wakinipa kazi sitaikataa. Mume wangu hashuki shimoni tena, na watoto wanataka kula. Nimeona nikuambie kwa kinywa changu, usije ukasikia kwa watu."

Nikamwambia jiko lile hushika moto vibaya upande wa kulia, awe mwangalifu. Akainama, akalia, akaenda zake.

Sijuti kwa nililolikataa. Lakini kila lori likipita barabarani naruka nikichungulia kama ni wao. Chakula kinanishinda. Nakuona wewe na mtoto mmekaa stesheni na mizigo, nami sina mlango wa kuwafungulia.

Nisalimie Mama, umwambie tu kwamba naswali. Msalimie kaka yangu fundi cherehani, na shangazi wa maandazi, na mwalimu wa chuo cha Kurani aliyenifundisha. Zuhura mbusu.

Nami nina ombi moja. Ukiniona naingia uani na sanduku kichwani, usiniulize kitu mbele ya Mama. Nipe maji ninawe uso kwanza.

Ni mimi mumeo,
Abdala, Baba Zuhura