Hukuwa Umelewa, Fundi Idrisa

Fundi Idrisa,

Eti ulianguka kwa sababu ulikuwa umelewa. Wewe! Wewe ambaye hata ukikaribishwa togwa ulikuwa unainusa kwanza na kuuliza imelala tangu lini.

Mkandarasi aliyasema hayo getini pa saiti, mbele ya watu, udongo wa kaburi lako haujakauka. Na ukweli aliujua. Asubuhi ile ulimwonyesha mirunda, ile miti inayobeba jukwaa la kujengea, ilivyooza kwa mvua, ukamwambia iondolewe. Akakujibu, "Asiyetaka kupanda akachume chai." Vibarua wakapanda kwa hofu ya kufukuzwa. Ukawafuata na nyundo kuongeza mbao, wasije wakadondoka. Wao walishuka wazima. Wewe ulishuka na mrunda uliokatika.

Siku ya kukuzika hakuna aliyeshika mwiko Tukuyu nzima. Chama chetu cha mafundi ujenzi kilisema, na kila saiti ikanyamaza. Mafundi wa Matwebe na Mpuguso walikuja na nguo zao za kazi, wakapokezana jeneza hadi makaburini. Mimi nilibaki na akina mama, mikono yangu ikiwasha kwa kutamani kukubeba. Nikakumbuka uliponipeleka chamani mara ya kwanza, wazee wakaguna kwamba mwanamke atawaletea balaa. Uliwaambia, "Wekeni pima maji kwenye ukuta wake, halafu mseme." Waliweka. Hawakusema.

Baada ya mazishi tukaitwa kazini, juu ya jukwaa lile lile! Tukakataa. Mkandarasi akaleta mafundi wengine kutoka Mbeya, Coaster nzima. Baadhi yetu wakaanza kuokota mawe. Nikawaambia wayaweke chini, nikaenda mwenyewe mlangoni mwa gari, nikawasimulia wageni ulivyokufa. Mkubwa wao, mzee mwenye kofia ya sufi, alikwenda kwenye jukwaa, akabonyeza mrunda, dole gumba likazama. Akawageukia wenzake: "Hapa pana msiba. Hatupandi."

Walitupa pole mmoja mmoja, wakarudi kwao. Fundi, nililia pale barabarani kama mtoto.

Mkandarasi alipokosa watu ndipo akalainika. Mbao mpya zikaja. Akafika kwako Nkunga, akataka kumwomba mkeo radhi nje ya pazia, kwa sauti ya chini. Dada Zuhura, akiwa edani, akamjibu kutoka ndani: "Ulimtukana getini. Kamsafishe getini."

Akaenda. Akasema mbele yetu sote kwamba hukuwa umelewa, na kwamba ulimwonya. Wenzangu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Mtu mzima asubiri kukosa mafundi ndipo aseme kweli?

Sasa chama kimenipa kazi ya kukagua majukwaa kabla mtu hajapanda. Jana nimekuta mrunda mmoja wa zamani umerudishwa kimyakimya nyuma ya ukuta. Nimeuchanja kwa shoka, kipande kwa kipande. Msimamizi amefoka, nikamwacha afoke.

Nakuahidi, Fundi: nikisema hapapandwi, hapapandwi, hata wakinifukuza. Na akitokea tena wa kukuita mlevi, atanikuta.

Ndaga fijo kwa ufundi ulionipa. Asante sana. Pumzika wewe, sisi huku bado tunagomba.

Mwanafunzi wako,
Tumpe