Mzaha Uliofika Omaha

Dada Maureen,

Chai ya huku ni kama maji ya kuoshea vikombe. Mwambie Mama nakula vizuri.

Kwetu Hull, Uingereza, nikisema jukwaani kabla ya wimbo, "Poleni jamani, mimi sijui kuimba," watu wanavunjika mbavu. Huku Marekani wananiamini! Mama mmoja alinishika mkono: "Usijidharau, mwanangu. Mungu anakupenda." Wengine wakaondoka kabla sijaimba.

Meneja wangu akafoka, "Jisifu, bwana! Hawa wanataka nyota." Nilijaribu, nikaona aibu.

Jana hapa Omaha nilishindwa kuvumilia. Nikawaambia mimi si kitu, nataka kwenda nyumbani. Sikuwa natania, dada. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Meneja ameongeza maonyesho hadi Pasaka. Ameniamuru niseme vilevile kila siku.

Kaka yako mchekeshaji,
Clive