Mpango wa Sukari na Kata ya Urbanus

Jumanne, 8 Oktoba 1996

Sukari 14.2. Amesema Dk. Eliakim, kliniki, saa tatu na robo asubuhi. Amesema pia jicho la kushoto limeanza kuharibika, na sukari isiposhuka chini ya 8 litakwenda. La kulia litafuata. Nimeuliza lini. Amesema yeye si mtabiri.

Miaka ishirini na sita gazetini. Macho ndiyo haya haya.

Muuguzi Theopista amejaza fomu. Pombe? Situmii. Mbege? Nikasema mbege ni ndizi na ulezi, ni chakula. Akaweka kalamu chini. Akasema hata baba yake humjibu hivyo hivyo. Kata ngapi za kunywea, mzee? Nne, Jumamosi. Na Jumapili? Nne. Ameandika nane, mstari wa pombe.

Kupimwa kwa uamuzi: Jumanne, 10 Desemba.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimempelekea Theopista lengo langu: "Kuwa na afya njema." Amelikata kwa kalamu nyekundu. Huo si mpango, amesema, hiyo ni sala. Nini, lini, wapi, na nani shahidi. Maswali hayo nawafundisha waandishi wapya kila mwaka.

Basi. Kutembea kutoka nyumbani Majengo hadi ofisini, kwenda na kurudi, siku sita kwa wiki. Chai bila sukari. Ndizi sahani ndogo, hairudiwi. Soda hapana. Mbege hapana. Shahidi: mke wangu Digna. Ameupokea wadhifa kwa furaha isiyo ya lazima.

Jumatatu, 21 Oktoba

Kati ya siku kumi za kutembea nimetembea nane. Mbili mvua.

Shahidi anapinga. Mvua ya Jumamosi ilikuwa ya dakika kumi, na mimi nililala saa mbili nzima.

Nasahihisha: moja mvua, moja uvivu.

Ijumaa, 1 Novemba

Kahe, mkutano wa wakulima, ugomvi wa zamu za maji ya mfereji. Nimekunywa soda mbili. Ya kwanza mwenyeji aliifungua mbele yangu, kuikataa ni utovu wa adabu. Ya pili haina maelezo.

Nimepita kliniki kuungama. Theopista hakushtuka. Mpango unasema nini siku ya kuanguka? Hausemi. Andika, baba.

Nimeandika: Nikifika ugenini, niombe maji kabla chupa haijafunguliwa. Nikianguka leo, kesho ni siku ya kawaida. Hakuna kungoja Jumatatu.

Jumanne, 12 Novemba

9.6! Amesema Theopista, akaongeza nisishangilie. Sijashangilia. Nimerudi nyumbani kwa miguu na kuzunguka mtaa mmoja zaidi bila sababu.

Suruali sasa inahitaji mkanda.

Alhamisi, 28 Novemba

Binamu yangu Hosea ameshuka kutoka Kirua Vunjo na jani la sale lililofungwa fundo. Limetoka kwa kaka Urbanus.

Kumbukumbu, kwa usahihi. Mwaka 1985 Urbanus aling'oa masale ya mpaka wa kihamba, shamba letu la urithi, na kuyapanda hatua saba ndani ya sehemu yangu. Nilimwita mwizi mbele ya mama. Hatujasalimiana tangu siku hiyo. Leo analeta jani lile lile kuomba msamaha. Jani la sale halikataliwi. Hata mtu aliyeua huja nalo.

Mama ana miaka themanini na minne. Hosea anasema ameacha kuuliza ni lini tutapatana. Sasa anauliza nani kati yetu atatangulia kufa.

Mbege imeshaanza kupikwa ili iive siku ya kupatana. Jumapili, 8 Desemba, baada ya misa. Tutakunywa kata moja, yeye na mimi, hadi iishe. Asiyekunywa hajasamehe. Hakuna kipengele cha wagonjwa.

Siku mbili kabla ya kipimo.

Jumanne, 3 Desemba

Nimemweleza Theopista. Yeye ni wa Marangu, anaijua kata hiyo. Amesema: kanuni andika mwenyewe, mimi nitapima tu.

Nimeandika: "Urbanus akinipa kata —"

Nimeishia hapo. Digna amesoma, akaomba karatasi na bahasha. Si kawaida yake.

Jumapili, 8 Desemba

Nimeshuka garini barabara kuu, nikapanda kwa miguu hadi kwa Urbanus. Mwendo wa saa moja na dakika ishirini. Oktoba nisingeweza.

Urbanus alikuwa mlangoni. Amezeeka. Nikasema shikamoo kaka. Ya kwanza baada ya miaka kumi na moja. Akasema marahaba, Tito, umekonda kama fito.

Mzee Filemon, mkubwa wa ukoo, akajaza kata. Urbanus akanywa kwanza, kama ilivyo desturi. Akaendelea. Wazee wakaguna. Akaendelea! Alipoishusha ilikuwa imebaki funda moja chini. Akasema Digna alimtumia barua juu ya sukari na jicho. Akasema: nilikula ardhi yako hatua saba, siwezi kula na jicho lako.

Mzee Filemon amesema hapana. Mtu hanywi kwa niaba ya mwenzake, huu si ubatizo wa mtoto. Mwingine amesema midomo ikigusa, yatosha. Mama amesema wanapiga kelele. Wazee wametoka kwenda migombani kushauriana. Ni dakika kumi na nne sasa.

Kata iko mkono wa kushoto, naandika kwa wa kulia. Funda moja, labda funda na nusu. Inanukia vizuri.

Urbanus amekaa karibu nami. Anajipangusa jasho, ametoka kukojoa mara mbili tangu tukae, na ameomba maji tena. Nimemuuliza amewahi kupimwa sukari. Anasema ya nini, yeye hatumii pombe, ni mbege tu.

Nimemwambia: Jumanne, saa mbili asubuhi, kliniki. Asile kitu.

Amesema atakuja, mimi nikimaliza kilichomo humu katani.