Chini ya Droo ya Tatu

Jumatatu, 4 Agosti

Jambo hili sijamwambia mtu. Kila alasiri Mama akienda kwa jirani, mimi huingia chumba cha marehemu Bibi, huvuta droo ya almari yake, na kutia kichwa mle ndani. Nanusa tu. Udi, karafuu, kanga zilizokunjwa. Siku arubaini zimeshapita tangu azikwe na bado naenda. Msichana mzima wa kidato cha tatu.

Leo droo ya tatu ilikwama. Nikavuta kwa nguvu, ikatoka yote, kanga zikamwagika. Nikaipindua nione inakwama wapi. Chini yake pana maandishi. Herufi za Kiarabu, maneno ya Kiswahili, wino umefifia. Nimesoma mwanzo tu: kazi ya Fundi Bakari wa Siyu. Mara Mama akarudi. Nimezikunja kanga vibaya. Hajaona.

Jumatano, 6 Agosti

Mjomba Athmani amefika kutoka Mombasa. Mirathi. Watoto wa Bibi ni wawili, yeye na Mama. Yeye mafungu mawili, Mama moja. Nyumba haimo, Mama alipewa alipoolewa, kama desturi yetu. Kilichobaki ni shamba la minazi huko Pate, na almari.

Mama anaitaka almari. Alizaliwa chumba kile. Mjomba kakubali: mtu mwaminifu aitie bei, Mama aichukue ndani ya fungu lake, kinachobaki apewe minazi. Bei ikiwa ndogo, atapata vyote viwili. Ikiwa kubwa, sijui.

Nimetafuta kwenye simu, kwa Kiingereza, namna ya kutambua almari ya zamani. Wanasema tazama pembe za droo, pale mbao zinapoumana kama meno. Ya mashini, meno yote sawa. Ya mkono, hayalingani. Nimeenda kutazama. Yetu kila jino na ukubwa wake. Msumari hata mmoja, hakuna. Vigingi vya mti. Mbele mbao za msaji, nyuma za bambakofi.

Basi ni ya mkono, na bei yake si ndogo. Nimeirudisha droo kama niliyeiba.

Alhamisi, 7 Agosti

Bwana Shee amekuja. Anauza samani za kale, na hapa Amu, yaani Lamu, neno lake halipingwi. Aligonga ubavuni, akapapasa ile rangi ya kahawia. Bibi alikuwa akiipaka kila ikikaribia Idi, tabaka juu ya tabaka. Akatazama vishikio vya plastiki, akasema kwa Kiamu chake:

"Ya juzi hii. Mbao si za nti yetu. Elfu kumi na mbili, na hapo nimemstahi marehemu."

Mjomba akamuuliza mbona hatazami ndani.

"Ndani mna nguo za marehemu Bi Khadija. Alipokuwa hai sikupata kumwona ila kwa buibui. Leo nimfungulie nguo zake?"

"Haya, dada," Mjomba akacheka. "Umepata kabati kwa bei ya mbuzi."

Mama alitabasamu. Mara ya kwanza tangu msiba. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na sinia ya kahawa. Nilijua. Nikanyamaza.

Mwoga.

Jumamosi, 9 Agosti

Kesho baada ya alasiri wanatia saini.

Nikisema, Mama anapoteza. Nikinyamaza, tunakula haki ya Mjomba, na Mama atakuwa ameila bila kujua, kwa sababu yangu. Ningeweza kumwambia Mama peke yake. Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza nilimuuliza kama tuna bizari. Mara ya pili nikaondoka tu.

Shuleni wananifundisha kwa Kiingereza, kwenye chuo cha Kurani kwa Kiarabu. Kunena mbele ya watu siwezi kwa lugha yoyote.

Jumapili, 10 Agosti

Nimefanya.

Sikusema kitu. Niliziweka kanga za Bibi kitandani, nikaibeba ile droo ya tatu tupu, nikashuka nayo hadi ukumbini walikokaa Mama, Mjomba na Bwana Shee, shahidi wao. Nikaipindua juu ya mkeka, katikati yao. Nikakaa chini kando yake.

"Zuhura, wahama?" Mjomba akauliza.

Bwana Shee alivaa miwani. Akasoma polepole, kwa sauti: "Kazi ya Fundi Bakari wa Siyu, kwa harusi ya Mwana Esha binti Omari."

Mwana Esha ni mamake Bibi.

Bwana Shee akaivuta droo karibu. Akawa anapitisha kidole pembeni mwa droo. Hapo nikajisikia nasema, "Kila jino lina ukubwa wake. Ya mashini huwa sawasawa."

"Nani kakufunza?" akaniuliza.

"Simu."

Walicheka, hata yeye. Kisha akavua miwani. "Miaka thalathini kazi hii, na sikuyua. Niliona haya kufungua, nikaona rangi tu."

Alimwomba Mama ruhusa. Mama akazitoa nguo zote mwenyewe, ndipo yeye akatazama droo moja moja, na mgongo wa almari. Bei mpya: laki moja na elfu tisini.

"Bubu wa nyumba kanena," Mjomba akasema, "na neno lake ni laki."

Mama hakucheka. Alinitazama, akaenda jikoni. Hawakutia saini.

Jumatatu, 11 Agosti

Asubuhi yote Mama alikuwa jikoni, anakuna nazi. Nikamwomba radhi. Hakuinua kichwa.

"Kwa bei ile ya kwanza ningeichukua. Ningelala mbele yake kila siku, na haki ya kaka yangu imo ndani. Radhi ya nini?"

Kisha akasema minazi yake yote imekwenda kwa Mjomba, kulipia almari. Haikutosha. Alimpelekea Mjomba bangili zake mbili. Mjomba kazirudisha, anasema hizo si za mirathi, na kilichopungua amesamehe. Wametia saini.

Sitakunywa madafu ya shamba lile tena kama yangu. Inauma kidogo. Naandika kwa sababu ni kweli.

Jioni nilimsikia Mama uani akimwambia jirani, "Bwana Shee alikosea. Aliyeitia bei ni binti yangu huyu usiyepata kusikia sauti yake."

Najivunia. Najivunia mpaka mashavu yanauma kwa tabasamu.

Jumatano, 13 Agosti

Mjomba amerudi Mombasa. Nguo za Bibi tumezitoa sadaka, ila kanga mbili. Mama ametia zake katika droo tatu za juu. Ya nne kaiacha tupu. Nilipomuuliza, akasema, "Yako. Au wangoja kuolewa kwanza?"

Nimekaa sakafuni mbele ya droo hiyo tangu adhuhuri. Bado sijatia kitu. Nimeifungua na kuifunga labda mara kumi. Inateleza vizuri. Fundi Bakari alijua kazi yake.

Kandambili za Mama, ngazini. Anapanda. Karatasi hizi nazikunja, zinaingia droo yangu, chini kabisa, kitu cha kwanza.