Harufu ya Breki

Mjukuu wangu Salim,

Marahaba. Hapa Jomvu Kuu hatujambo, ila goti la nyanya yako lamsumbua.

Waniuliza kama niliogopa enzi zetu za mbio za magari. Niliogopa siku moja, nikanyamaza.

Kaka yangu Athmani alisimama kubadilisha magurudumu. Mimi fundi wake nikanusa breki zikiungua, na mbele kulikuwa na kona kali. Lakini alikuwa mkubwa wangu, na watu walikuwa wametuzunguka. Nikaona haya kumkataza.

"Tayari?" akauliza.

"Naam, kaka."

Akaondoka kwa kasi. Hakurudi.

Sasa fundi wako ni mdogo wako Rehema. Kabla hujawasha gari, mwambie mbele ya watu kwamba ana ruhusa ya kukukatalia. Mimi ruhusa hiyo sikupewa, na wallahi, sikuiomba.

Babu yako