Kidevu Changu na Kiti cha Pili

Katandala, Sumbawanga
9 Juni 1993

Kwa dada yangu Leonia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Muze, wewe, shemeji Adriano na watoto, na kwamba joto la bondeni limewahurumia kidogo. Sisi huku juu ni baridi ya kukata masikio. Ulezi tumeshavuna. Shangazi Cornelia anakohoa, lakini ulimi wake mzima, anagomba kama kawaida. Mimi mwili hauna neno, kichwa ndicho sikielewi.

Uliuliza uje lini kunipeleka mbele ya wakwe, kama dada mkubwa. Nitakujibu, ila nivumilie, maana jibu lenyewe limezunguka mbali.

Najua habari za posa zilikufikia vibaya. Walikwambia nimewadharau wazee wa Flavian. Ukweli ni kwamba nilipiga magoti vizuri tu mbele yao, lakini sikupiga makofi. Mfipa gani anamwamkia mkwe bila makofi? Mkono mmoja ulikuwa umeshika kitenge kufunika kidevu, na kwa mkono mmoja makofi hayapigiki. Mama yake Flavian akasimama, akasema binti huyu ana kiburi, wakaondoka bila kugusa hata chakula. Flavian amewabembeleza mpaka wakakubali kuja tena, Jumapili ya mwisho wa mwezi huu. Nikikosea tena basi, hakuna ndoa, na mimi mtoto wa watu nampenda kweli.

Nilifunika kwa sababu kidevu changu kimepinda. Hivyo ndivyo ninavyokiona. Tangu biashara iwe ruksa, kila kibanda hapa Katandala kina kioo cha kuuza, na mimi hakuna kioo nilichokipita salama. Nimepaka krimu, nimelala nimekifunga kidevu kwa kitambaa, nikaacha kwenda kanisani, hata maji nikawa nachota alfajiri kabla watu hawajatoka. Shangazi anasema ni kidevu cha marehemu mama, hakina kosa. Flavian anasema haoni kitu. Wote nikawaona waongo.

Shangazi ndiye aliyenikokota kwa Sista Dominika, mtawa aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo, anayetibu watu kwa mazungumzo. Nilidhani atanipa vidonge, au atakipima kidevu kwa rula. Wala. Aliniuliza nikitazama kioo nasikia nini tumboni. Nikamjibu nasikia aibu. Akauliza chini ya aibu kuna nini. Nikasema moyoni, huyu naye ana mambo. Nilipokwenda tena akaweka viti viwili vikitazamana. Kwenye kimoja nikae mimi mwenyewe, kisha nihamie cha pili niwe ile sauti inayonisema, nijiseme kwa nguvu. Nilicheka, dada. Mtu mzima kuongea na kiti kitupu, akipita mtu dirishani si atasema nimerukwa na akili?

Lakini nilihamia, nikafungua mdomo, na maneno yakatoka kwa Kifipa, wakati muda wote tulikuwa tunaongea Kiswahili. Yalisema funika uso, umekuwa mbaya, watu wanatutazama. Sista akaniuliza ni nani anayesema hivyo. Nilikuwa nimeshamjua.

Ni wewe, dada. Ni siku tuliyomzika mama. Nilikuwa nalia, mdomo umekwenda upande, ukanivutia kitenge usoni na kuniambia maneno hayo. Najua ulikuwa msichana tu, umeachiwa msiba na sisi wadogo, unaogopa watu waseme hatuna adabu. Umenilea, mpaka kuku wako uliwauza nisome. Ndiyo maana sielewi. Nilirudi kwenye kiti changu nikakukasirikia, kisha nikamlilia mama kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Sista alinitazama tu, hakunifunika. Nisikudanganye, kidevu bado nakiona kimepinda. Ila kurudi nyumbani nilipita katikati ya soko, mikono yote miwili chini.

Basi jibu langu ni hili: Jumapili hiyo usije. Shangazi atanipeleka. Nikikuona umekaa pembeni yangu, mkono utapanda wenyewe, na makofi sitayapiga. Nakupenda na nimekukasirikia, vyote kwa pamoja, na sijui kama mtu anaruhusiwa. Usidhani nimekutupa.

Shemeji mpe salamu zangu, na watoto waambie mama mdogo anawakumbuka. Mungu awalinde wote. Wakwe wakishaondoka, wiki inayofuata, njoo dada, njoo peke yako. Nataka nimlilie mama mbele yako, na wewe unitazame.

Ni mimi mdogo wako,
Edith